Nozo Inayoimba na Nozo Inayokojoa

Fundi alifunga nozo ya kwanza, kile kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda ya injini, kwenye mashine yake ya kupimia, ile ya mkono yenye saa ya presha juu na kikopo cha dizeli ubavuni, akashusha mpini taratibu. Mshale ukapanda. Mia. Mia na hamsini. Ulipogusa mia mbili nozo ikalia, krrr, kama bawaba ya mlango isiyotiwa oili, na ukungu mweupe ukaruka kutoka kwenye ncha yake kwa mikia iliyolingana. Kabla haujafika ukutani ulikuwa umeshapotea hewani, ikabaki harufu tu.

Akaitoa, akafunga ya pili. Mpini ukashuka. Mshale ukafika mia mbili ileile. Safari hii hakukuwa na mlio. Uzi mmoja wa dizeli ulichungulia, ukainama, ukachuruzikia kwenye tambara.

"Hii inakojoa," alisema Fundi, bila hata kuniangalia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, gereji ya Kizota, Dodoma. Nilikuwa nimemsindikiza Mjomba, ambaye Canter lake la kubebea mahindi kutoka Kibaigwa lilikuwa limeanza kutoa moshi mweusi kila likipandisha na mzigo, na kunywa mafuta kama ng'ombe aliyefika lamboni mwezi wa kumi. Mimi sikuwa na kazi yoyote pale. Nilikuwa nimekaa kwenye tairi kuukuu, nachezea simu.

"Mwalimu," Fundi akaniita, "wewe si unafundisha fizikia? Hebu tuambie. Mafuta ni yaleyale. Kwa nini hii inatoa ukungu na hii inatoa mkojo?"

"Presha, Fundi," nikajibu.

Mjomba akatikisa kichwa kwa fahari. Ada za shule alilipa yeye.

Fundi akacheka, akagonga kioo cha ile saa kwa ukucha. "Zote mbili zimefunguka mia mbili. Umeona kwa macho yako. Sasa presha ipi unayosema?"

Nikanyamaza.

Huu ni mwezi wa tatu tangu siku hiyo.

Kwanza, aibu

Niseme ukweli: kilichoniuma si kutojua. Mwalimu asiyejua kitu husema "nitaangalia," maisha yanaendelea. Kilichoniuma ni kwamba nilijibu haraka sana. "Presha" ni jibu ambalo nimelitoa darasani mara nyingi bila mtu kuniuliza ni ipi. Mtoto akiuliza kwa nini maji yanaruka kwenye bomba lililopasuka, presha. Kwa nini jiko la gesi linavuma, presha. Neno linamfunga mwanafunzi mdomo, na mwalimu naye anapumzika.

Kuna na jambo la pili. Hata kama ningejua jibu, nisingeweza kulisema pale. Mambo haya nilifundishwa kwa Kiingereza, nikayakariri kwa Kiingereza, nayafundisha kwa Kiingereza. Kumweleza Fundi kwa Kiswahili ingebidi kwanza niyaelewe.

Usiku ule nikachukua daftari. Nikaanza na kile nilichokijua: ukisukuma kimiminika kwa presha fulani kupitia tundu, kanuni ya Bernoulli inakupa kasi ya kutokea. Bar 200, yaani ile mia mbili ya saa ya presha, dizeli yenye uzito wa karibu kilo 830 kwa mita ya ujazo, jibu ni kama mita 220 kwa sekunde. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Tundu halisi linapoteza kidogo. Lakini kabla ya kuipunguza ni karibu kilomita 800 kwa saa, mwendo wa ndege ya abiria ikiwa angani, na inatokea kwenye tundu jembamba kuliko sindano ya kushonea.

Nikaifurahia ile namba. Halafu nikajiuliza: sawa, inatoka kwa kasi. Kasi peke yake inaivunjaje? Risasi nayo inatoka kwa kasi, mbona haigeuki vumbi?

Bomba la saa nane usiku

Mtaani kwetu Nkuhungu maji huja kwa mgao, na mara nyingi huja usiku. Unaacha bomba wazi, ndoo chini, ukisikia mlio unaamka. Usiku mmoja yalikuja kwa unyonge, uzi mwembamba tu, nami nikasimama pale na tochi ya simu nikisubiri ndoo ijae.

Ukiangalia uzi wa maji kwa makini utaona kitu ambacho wote tumekiona na hatujakitazama. Juu, karibu na bomba, ni laini kama kioo. Chini kidogo unaanza kupata viuno, kama shanga zinazojifunga zenyewe. Chini zaidi si uzi tena, ni matone. Hakuna aliyeyakata. Hakuna upepo. Presha ya bomba letu wote tunaijua.

Kinachokata ni ngozi ya maji yenyewe. Kila kimiminika kina mvutano kwenye uso wake, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, na ngozi hiyo muda wote inatafuta kujikunja iwe ndogo iwezekanavyo. Uzi mrefu una ngozi nyingi kuliko matone yenye maji yaleyale. Kwa hiyo kiuno kidogo kikitokea, ngozi inakibana zaidi, maji yanakimbilia pembeni, kiuno kinakatika.

Mfaransa Félix Savart aliyachunguza matone ya namna hii mwaka 1833. Baadaye Joseph Plateau wa Ubelgiji akaonyesha kwamba uzi wa kimiminika ukishakuwa mrefu kuliko mzingo wake wenyewe hauwezi tena kutulia. Na kitabu chake kikubwa cha mwaka 1873 alikitoa akiwa kipofu kwa miaka mingi, majaribio yakifanywa na ndugu na wasaidizi waliomwambia wanachokiona. Kisha Lord Rayleigh wa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1870, akapiga hesabu ya kiuno kipi kinakua haraka kuliko vingine. Tone linalozaliwa huwa na kipenyo cha karibu mara mbili ya uzi uliolizaa.

Nilirudi kitandani nimeridhika. Ngozi inayoushika uzi ndiyo hiyohiyo inayoukata. Nikapanga nimfuate Fundi kesho yake.

Namshukuru Mungu sikwenda.

Hesabu iliyoharibu usingizi

Mara mbili ya uzi.

Tundu la nozo kama ile lina kipenyo cha karibu sehemu mbili za kumi za milimita. Kama ni Rayleigh peke yake, matone yangekuwa karibu sehemu nne za kumi za milimita, kama chembe ya chumvi ya mezani. Lakini ule ukungu wa Fundi haukuwa chumvi. Matone ya ukungu mzuri wa dizeli yana kipenyo cha sehemu moja, mbili au tatu za mia za milimita. Unywele wako ni mnene kuliko tone hilo mara mbili au zaidi.

Na si anasa. Chukua milimita za ujazo 50 za dizeli, kiasi cha kawaida cha mpigo mmoja wa nozo kwenye injini ya kilori ikiwa na mzigo. Ukiiacha iwe tone moja, ngozi yake haifiki hata ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Igawe kuwa matone ya sehemu mbili za mia za milimita: unapata karibu milioni 12, na ngozi yao ikiunganishwa inafunika nusu ya ukurasa wa daftari la mwanafunzi. Mafuta hayaungui yakiwa kimiminika. Yanaungua yakishakuwa mvuke uliochanganyika na hewa, na mvuke unatokea kwenye ngozi tu. Muda wa tone kukauka unafuata mraba wa kipenyo: tone nene mara kumi linataka muda mara mia.

Injini haina muda huo. Kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, mzunguko mmoja wote ni milisekunde 30, na dizeli inapewa sehemu ndogo tu ya hizo kuingia, kukauka na kuwaka. Tone la mkojo halikauki likaisha. Linaungua nje tu, ndani linabaki kaboni. Ndiyo ule moshi wa Mjomba.

Kwa hiyo ngozi peke yake haitoshi. Lazima kuna kitu kingine kinachoyapasua matone baada ya kuzaliwa, au kabla.

Upepo dhidi ya ngozi

Nilikaa wiki mbili nikiangalia mahali pasipo penyewe. Nikidhani siri iko kwenye dizeli, wakati nusu ya siri iko kwenye hewa.

Dodoma wote tunaijua ile pepo ya mwezi wa saba inayopiga kutoka mashariki mpaka unatembea umejikunja. Sasa jiweke kwenye nafasi ya tone la dizeli linalotoka kwa mita 200 kwa sekunde. Hewa imesimama, lakini kwako wewe ni kimbunga. Inakubonyeza usoni, inakukwangua pembeni, inakuvuta nyuma. Ngozi yako inajitahidi kukurudisha kuwa duara. Nani atashinda?

Swali hilo lina namba, na namba hiyo inabeba jina la Mjerumani Moritz Weber. Unachukua uzito wa hewa, unazidisha kwa kasi mara kasi, unazidisha kwa kipenyo cha tone, unagawanya kwa nguvu ya ngozi. Kwa kimiminika chepesi kama dizeli, jibu likizidi kama 12 hivi, upepo unashinda na tone linapasuka. Chini ya hapo, ngozi inashinda, tone linatikisika tu na kuendelea na safari.

Nikachukua hewa ya Dodoma. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hivyo hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, karibu kilo moja kwa mita ya ujazo. Tone la sehemu mbili za kumi za milimita, mwendo wa mita 220 kwa sekunde: zaidi ya 350. Upepo unashinda vibaya sana. Vipande vinavyozaliwa navyo vinapasuka, na vipande vya vipande, mpaka viwe vidogo kiasi kwamba ngozi inavimudu. Na hiyo ni hewa ya gereji. Ndani ya silinda pistoni imeshaibana hewa mpaka ni nzito kama mara ishirini; huko namba inaruka hadi maelfu.

Halafu nikajaribu kasi ya mkojo. Mita 20 kwa sekunde, hewa ileile, tone lilelile.

Tatu.

Nilicheka peke yangu sebuleni. 350 inaimba, 3 inakojoa, na mpaka uko kwenye 12. Mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia nozo. Akarudi kulala.

Kumbe hata Rudolf Diesel mwenyewe alianzia kwenye hewa. Injini yake iliyofanya kazi kule Augsburg mwaka 1897 haikuwa na pampu ya kusukuma mafuta kwa nguvu namna hii. Mafuta yalipulizwa ndani kwa hewa iliyobanwa na kompresa, na kompresa hiyo ilikuwa mzigo mkubwa kiasi kwamba injini haikufaa kupanda kwenye gari dogo. Pampu za Bosch zilianza kutoka kiwandani kwa wingi mwaka 1927, miaka 14 baada ya Diesel kutoweka kwenye meli akielekea Uingereza.

Presha ipi?

Nikaenda Kizota na daftari langu.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia habari za ngozi, na upepo, na kumi na mbili. Alipenda habari ya ngozi. Alisema ndiyo maana dizeli ikimwagika kwenye maji inatambaa namna ile, nami nikakubali kwamba ndugu zao ni hao hao. Kisha akafuta mikono.

"Sawa, Mwalimu. Hii inatoka kwa kasi, hii inatoka polepole. Nimekuelewa. Lakini saa ilisema mia mbili kwa zote. Kasi imepotelea wapi?"

Ni swali lilelile. Nilikuwa nimezunguka Ubelgiji na Ujerumani nikarudi mlangoni pake.

Hakusubiri. Akafungua ile nozo mbovu, akachomoa sindano yake, akaishika kwenye mwanga pamoja na lenzi ya fundi saa. "Angalia siti."

Kwenye ncha ya sindano, pale inapokaa kuziba njia, palipaswa kuwa na mstari mmoja mwembamba unaong'aa. Palikuwa na mkanda mpana, wa kijivu, wenye mikwaruzo.

Akanieleza kama anavyomweleza mwanafunzi wake wa gereji. Sindano nzima inakaa imeziba kabisa. Presha inajikusanya nyuma yake, hakuna kinachotoka, hakuna kinachotoka, halafu ghafla inairusha juu. Inaruka, presha inashuka, springi inairudisha, presha inapanda tena, inaruka. Huo ndio wimbo: krrr. Kila mruko ni mlango uliofunguka wote. Sindano iliyolika haizibi. Dizeli inapenya kabla ya wakati kwenye upenyo mwembamba kati ya sindano na siti, na springi ikija kuachia, sindano inanyanyuka kivivu, kidogo, haina cha kuirusha.

Hapo ndipo nilipoona. Saa ya presha iko juu ya siti. Matundu yako chini ya siti. Mlango ukiwa umefunguka kidogo tu, presha yote inaishia kulipa kodi ya kupita mlangoni, na matundu yanapokea chenji. Saa inasema mia mbili, na haidanganyi. Lakini matundu hayajawahi kuiona hiyo mia mbili.

"Kwa hiyo ni presha," nikasema.

"Niliwahi kukataa?" Fundi akajibu. "Nilikuuliza ipi."

Alizeti

Ningeweza kuishia hapo, lakini ugonjwa ulikuwa umeshaniingia.

Kilichonisumbua sasa ni mnato. Ile hesabu ya Weber haina mnato ndani yake, na mtu yeyote aliyewahi kumimina asali ya Manyoni anajua kwamba uzi wa asali haukatiki kama wa maji. Unashuka, unashuka, unajikunja kwenye bakuli kama kamba. Asali nayo ina ngozi, tena yenye nguvu. Lakini kila kiuno kikitaka kubana, asali haikimbii pembeni. Inagoma. Mjerumani mwingine, Wolfgang von Ohnesorge, mwaka 1936 alitafuta namna ya kuweka mnato, ngozi na ukubwa wa tundu kwenye mizani moja, na mpaka leo mizani hiyo inatumika.

Huku kwetu na Singida mafuta mazito si kitu cha kutafuta. Nilinunua lita moja ya alizeti isiyosafishwa, nikamwomba Fundi aniruhusu kuipitisha kwenye mashine yake.

Alikataa mara mbili. Mara ya tatu nilibeba na dizeli ya kusafishia, lita mbili, akakubali.

Nozo ilikuwa ile nzima, inayoimba. Mpini ulikuwa mzito. Mshale ukafika mia mbili, nozo ikatoa mlio mfupi wa kukwama, na mbele yake zikatoka fito nyembamba, za njano, zilizonyooka mpaka ukutani. Ncha zake zilikuwa na nywele nywele na matone makubwa, lakini ukungu hamna. Siti nzima, sindano nzima, mia mbili ya kweli chini ya siti, upepo uleule. Na bado.

Nikaenda kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, nikamwomba aniwekee kikombe cha mafuta yangu jikoni mpaka yapate moto bila kutoa moshi. (Moto na gereji ya dizeli havikai pamoja; Fundi alisema nikimletea jiko pale atanifukuza na ualimu wangu.) Mama lishe akatazama kikombe, akatazama mikono yangu, akauliza samaki yuko wapi.

Yalipopita yakiwa ya moto, zile fito zilichanua. Haukuwa ukungu wa dizeli, lakini zilichanua. Mafuta ya alizeti kwenye joto la nyuzi 40 yana mnato wa karibu mara kumi wa dizeli. Ukiyapasha unashuka haraka. Ngozi haikubadilika sana. Kilichobadilika ni ugomvi wa ndani.

Mjomba, aliyekuwa amekuja kuulizia gari lake, akasema basi kumbe tungeendesha malori kwa alizeti. Nikamwambia wazo hilo ni la zamani: kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Karanga! Nikafikiria Kongwa, mapori yaliyofyekwa na Waingereza kuanzia mwaka 1947 kwa ule mradi wa karanga uliokuja kufa mwaka 1951. Wao walitaka mafuta ya kula, hawakuwa na habari na injini. Lakini ukiyatia mafuta ya namna hiyo kwenye Canter la Mjomba yakiwa baridi, litawaka, litatembea, na baada ya muda ncha za nozo zitaota kaboni kama masizi kwenye sufuria ya kuni.

Kinyume chake ndicho kinachonishangaza zaidi. Mafuta ya taa yana mnato mdogo kuliko dizeli, hivyo yanapulizika vizuri zaidi. Wale waliokuwa wakichakachua dizeli kwa mafuta ya taa (neno lenyewe lilipata umaarufu karibu na mwaka 2010, kisha likahamia kwenye kura) walikuwa wanauza kitu ambacho kwenye mashine ya Fundi kingetoa ukungu mzuri ajabu. Madhara yake hayako kwenye ukungu. Pampu na sindano hazina oili nyingine. Zinalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita. Ukizinyima, chuma kinakula chuma, siti inapanuka, na baada ya miezi nozo iliyokuwa ikiimba kwa mafuta ya taa inaanza kukojoa kwa mafuta yoyote utakayoipa. Mjomba aliposikia hivyo akatazama pembeni. Kuna dumu alizonunua kando ya barabara, bei ya kirafiki. Sikumuuliza ni wapi.

Milimita za mwanzo

Kuna sehemu moja ya jambo hili imenikalia vibaya mpaka leo.

Picha niliyojichorea ilikuwa safi: uzi unatoka, upepo unaupasua, matone yanazaliwa, matone yanapasuka. Kumbe uzi haukutoka safi. Ndani ya tundu, pale dizeli inapokata kona kuingia, presha inashuka kiasi kwamba mafuta yanachemka yakiwa ya baridi, yanatoa mapovu. Mapovu hayo yakipasukia ndani ya tundu yanaweza kula chuma. Yakitoka nje yanaubomoa uzi kutokea tumboni. Kwa hiyo dizeli inafika mdomoni ikiwa tayari imevurugika, na upepo unamalizia kazi iliyokwisha kuanza. Kwenye injini mpya zenye presha ya bar 2,000 na zaidi, nani kafanya nini, mapovu au upepo, si rahisi hata kidogo kutenganisha.

Tatizo ni kwamba hapo ndipo pasipoonekana. Milimita za kwanza kabisa baada ya tundu zimejaa matone na vipande kiasi kwamba mwanga unatawanyika, kamera inaona wingu jeupe tu. Mwaka 2002 watafiti wa maabara ya Argonne kule Marekani na wenzao walichapisha picha walizopiga kwa eksirei badala ya mwanga, na walichokiona ni pamoja na mawimbi ya mshtuko, kama ya ndege iliyopita kasi ya sauti, yakitangulia ncha ya ukungu wa mafuta.

Nilimweleza Fundi hayo tukinywa chai. Nikamwambia hata wao wenye mitambo, pale karibu na tundu wanapapasa.

Aliinyoosha mikono yake ya kushoto na kulia juu ya meza. Kwenye kidole cha shahada cha kushoto kuna kovu refu, la zamani. Akiwa kijana alikinga ukungu wa nozo kwa kidole aone kama ina nguvu. Dizeli iliingia ndani ya nyama bila hata kuuma sana, tundu dogo kama la sindano. Jioni mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko, na madaktari wakapasua kidole chote kuisafisha. Alikuwa na bahati hawakukikata.

"Tangu hapo siikaribii," akasema. "Nasikiliza tu."

Canter la Mjomba limerudi barabarani. Fundi alibadilisha ncha mbili, mbili nyingine akazisaga siti. Moshi umepungua sana, na Mjomba anasema safari ya Kibaigwa sasa inamrudishia mafuta ya kutosha kwenda nusu ya nyingine, ingawa hesabu za Mjomba nimeacha kuzikagua siku nyingi.

Jumamosi iliyopita nilisimama karibu na boneti likiwa linaunguruma bila mzigo. Silinda ya tatu inagonga tofauti kidogo na nyingine, mlio mkavu, mara upo mara haupo. Fundi anasema ni siti mpya, itatulia. Nilirudi tena jioni kuisikiliza.